James Watt: Fundi asiye na cheti aliyeipa mashine akili ya kujirekebisha

Ukiingia duka la pampu mjini Kitengela, swali la kwanza la muuzaji huwa ni hili: unataka ya HP ngapi? Ukivuka barabara hadi kwa anayeuza paneli za sola, atakuuliza wati ngapi. Na ukipanda matatu ya kwenda Nairobi, sheria inataka gari hilo liwe na kidhibiti mwendo. HP, wati na kidhibiti mwendo vyote vinaturudisha kwa mtu mmoja, James Watt, aliyeaga dunia mwaka 1819.

Pengine ulimsoma shuleni mara moja. Uliambiwa alivumbua injini ya mvuke, ukajaza jibu kwenye mtihani, ukasonga mbele. Kumbe jibu lenyewe lina kasoro. Injini ya mvuke ilikuwepo hata kabla hajazaliwa. Alichofanya Watt kinakuhusu zaidi, hasa kama uko chuo cha TVET ukisomea umeme, au uko chumbani na Arduino yako ukijaribu kuifanya mota izunguke kwa kasi unayoitaka, nayo inakataa.

Hebu tumfuate tangu mwanzo.

Kijana wa karakana

Watt alizaliwa Januari 19, 1736, Greenock, mji wa bandari nchini Uskoti. Babake alikuwa seremala wa meli ambaye pia alifanya biashara na kurekebisha vifaa vya mabaharia. James alikuwa mtoto wa kuuguaugua, kichwa kikimuuma kila mara, kwa hivyo mamake, Agnes, alimfundisha nyumbani kwa muda. Babake naye akampa vifaa vidogo na nafasi yake mwenyewe karakanani.

Mwaka 1753 mamake akafariki. James alikuwa na miaka 17. Biashara ya babake nayo ikaanza kuyumba. Habari ya kwenda chuo kikuu ikawa haipo tena. Akaamua kutafuta riziki kwa mikono yake: atakuwa fundi wa vifaa vya kupimia, kama vile dira, mizani na vyombo vya kupima pembe.

Mwaka 1755 alienda London kutafuta mtu wa kumfundisha. Wengi walimkataa, maana utaratibu ulikuwa kijana akae na fundi mkuu miaka saba. Watt hakuwa na miaka saba wala pesa za kula miaka saba. Mwishowe fundi mmoja, John Morgan, alikubali kumfunza mwaka mmoja kwa guinea 20. Alifanya kazi kutoka asubuhi hadi usiku, akila kidogo ili asimlemee babake. Kutoka nje pia kulikuwa na hatari, kwa sababu siku hizo jeshi la majini lilikuwa likiwakamata vijana barabarani na kuwatia melini kwa nguvu. Mwaka ulipoisha alikuwa mgonjwa, lakini kazi alikuwa ameishika.

Kunyimwa ruhusa

Akarudi Uskoti, akataka kufungua duka Glasgow. Hapo ndipo alipogonga ukuta. Chama cha mafundi wa chuma cha mji huo kilimkatalia. Hakuwa mwana wa mji na hakuwa amemaliza miaka saba ya mafunzo. Haijalishi kwamba huko Glasgow hakukuwa na mwingine wa kufanya kazi ile vizuri kama yeye. Karatasi hana, basi.

Hadithi hii unaijua. Kuna kijana Kitengela anayeweza kufungua pampu iliyoungua, kuisuka upya koili na kuirudisha ikafanya kazi, lakini tenda ikitangazwa anaambiwa alete cheti. Tofauti ni kwamba leo zipo njia za kukivuka kizingiti hicho: mtihani wa ufundi wa NITA kwa gredi, na leseni ya EPRA kwa mafundi wa umeme na wa sola. Wakati wa Watt hakukuwa na njia kama hiyo.

Aliyemwokoa ni Chuo Kikuu cha Glasgow. Kilikuwa kimepokea shehena ya vifaa vya unajimu kutoka Jamaica, vikiwa vimeharibika safarini, na Watt akavirekebisha. Mwaka 1757 chuo kikampa chumba ndani ya uwanja wake, mahali ambapo chama cha mafundi hakikuwa na usemi. Akawa fundi rasmi wa vifaa vya chuo. Maprofesa walipitia pale kupiga gumzo. Mmoja wao alikuwa Joseph Black, mwanasayansi aliyekuwa akichunguza tabia ya joto. Watt hakuwahi kuketi darasani kama mwanafunzi wa chuo, ila alipata elimu yake kwa kuuliza maswali huku mikono ikiwa kazini.

Mfano wa injini uliogoma

Majira ya baridi ya 1763 aliletewa kazi ndogo. Chuo kilikuwa na mfano mdogo wa injini ya Thomas Newcomen, aina iliyokuwa ikitumika tangu 1712 kuvuta maji migodini. Ule mfano ulikuwa ukipiga mara chache kisha unazimika. Fundi mwingine angebana nati, akadai hela yake. Watt alitaka kujua kwa nini inagoma.

Alipima. Maji yanayochemka ni kiasi gani, mvuke unaotoka ni kiasi gani, unaopotea ni kiasi gani. Akagundua kwamba injini ilikuwa ikipasha silinda moto kwa mvuke, kisha inaipoza ileile silinda kwa maji baridi, tena na tena, kila mpigo. Ni kama kuchemsha chai kwenye sufuria, kuimwagia sufuria maji baridi mpaka ipoe, halafu kuanza kuchemsha nyingine. Sehemu kubwa ya makaa iliishia kupasha chuma tu.

Jibu lilimjia Mei 1765 akitembea uwanjani Jumapili: mvuke upozwe kwenye chombo kingine pembeni, silinda ibaki moto wakati wote. Basi. Wazo dogo, na ndilo lililobadilisha viwanda vya dunia.

Usidhani kesho yake alikuwa tajiri, maana injini za kwanza kubwa ziliwashwa kazini mwaka 1776. Hesabu hiyo miaka: 11. Tatizo halikuwa wazo tena. Hakukuwa na mtu wa kumchongea silinda kubwa iliyo duara sawasawa, na mvuke ulipenya kila upande. Mfadhili wake wa kwanza, John Roebuck, alifilisika. Watt akawa na madeni, akaacha injini, akaenda kupima mashamba na njia za mifereji ili watoto wale. Mwaka 1773, akiwa mbali kaskazini mwa Uskoti kwenye kazi hiyo, mkewe Margaret alifariki akijifungua.

Mtu angeishia hapo. Lakini Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha vyuma Birmingham, alichukua sehemu ya Roebuck katika hataza, na mwaka 1774 Watt akahamia huko. Mwaka huohuo John Wilkinson alitengeneza mashine ya kutoboa mizinga kwa usahihi, mashine ambayo baadaye ilichonga silinda za Watt. Wazo la mtu mmoja lilikuwa limesubiri pesa za wa pili na mashine ya wa tatu.

Kulipwa kwa kilichookolewa

Hapa kuna somo la biashara. Wenye migodi ya Cornwall hawakuwa na pesa za kununua injini mpya hivihivi. Boulton na Watt wakawaambia: tutahesabu makaa ambayo injini ya zamani ingekula, tutahesabu yanayoliwa na yetu, nanyi mtatulipa theluthi moja ya mlichookoa. Ili pasiwe na ujanja, Watt alifunga kwenye injini kihesabio cha mipigo, ndani ya kisanduku chenye kufuli. Ndugu yake mita ya tokeni uliyo nayo nyumbani.

Kwa wateja waliokuwa wakitumia farasi, alihitaji lugha nyingine. Akakadiria kazi ya farasi mmoja: kuinua pauni 33,000 kwa urefu wa futi moja kila dakika. Hiyo ndiyo HP moja, sawa na karibu wati 746. Neno wati lenyewe wanasayansi walilichagua kumkumbuka yeye, miaka mingi baada ya kifo chake.

Mipira miwili inayozunguka

Sasa tufike kwenye sehemu inayomhusu kila anayeandika kodi ya kuendesha mota.

Miaka ya 1780 injini za Watt zilianza kuzungusha magurudumu ya viwanda, baada ya miaka ya kuvuta maji tu. Tatizo jipya likazuka. Mashine nyingi zikiwashwa, injini inalemewa na kupunguza kasi. Zikizimwa ghafla, injini inaenda mbio hadi nyuzi zinakatika. Ilibidi mtu asimame kwenye vali siku nzima, akifungua na kufunga.

Mwaka 1788 Boulton alitembelea Albion Mills, kinu kikubwa cha unga London kilichoendeshwa kwa injini zao. Aliona pale kifaa ambacho wasagaji walikuwa wakikitumia kurekebisha nafasi kati ya mawe ya kusagia kasi ilipobadilika. Akamwandikia Watt kumweleza. Watt akakichukua, akakiunganisha na vali ya mvuke.

Kilifanyaje kazi? Fikiria mhimili uliosimama, na mipira miwili ya chuma ikining'inia kwenye mikono yake. Injini inauzungusha mhimili. Kasi ikizidi, mipira inaruka nje na kupanda juu, kama sketi ya mchezaji anayezunguka. Ikipanda, inavuta wenzo unaobana vali. Mvuke unapungua, injini inatulia. Kasi ikishuka, mipira inashuka, vali inafunguka, injini inapata nguvu. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Kwa Kiingereza kifaa hicho kinaitwa kwa neno lilelile tunalomwita mkuu wa kaunti, yaani gavana.

Tazama kilichotokea hapo. Matokeo ya mashine yanarudi kuiamuru mashine yenyewe. Inajiangalia, inajilinganisha na kasi inayotakiwa, inajirekebisha. Watt hakudai hataza ya kifaa hicho, maana alijua asili yake ni kwa wasagaji. Na ukienda leo kwenye poshomili ya dizeli ndani ndani ya Kajiado, mahali ambapo stima haijafika, ndani ya injini ile kuna gavana wa vyuma vinavyozunguka anayeongeza mafuta mahindi yanapoingia na kuyapunguza yanapoisha. Kifaa kilitoka kwenye kinu, kikazunguka dunia, kikarudi kinuni.

Kidhibiti cha matatu ni binamu yake tu. Chenyewe kinazuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa, lakini hakiongezi kasi ikishuka. Cha Watt kilisahihisha pande zote mbili.

Kutoka mipira hadi kodi

Kifaa hicho kilikuwa na udhaifu mara mbili, na ukiujua utakuokoa usiku mwingi mbele ya kompyuta.

Kwanza, mzigo ukiongezeka, injini ilitulia kwenye kasi ya chini kidogo kuliko ile iliyotakiwa. Ili vali ibaki wazi zaidi, lazima mipira ibaki chini zaidi, kwa hivyo kosa dogo halikuisha. Pili, vilipoundwa vikali mno, baadhi ya vidhibiti vilifanya injini iyumbeyumbe: inapanda, inashuka, inapanda, bila kutulia. Umewahi kuoga kwenye shawa ya instant? Maji baridi, unageuza. Yanachelewa, unageuza zaidi. Yanakuunguza, unarudisha hadi mwisho, yanakuwa barafu. Ndivyo hivyo.

Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, Mskoti mwenzake Watt, alichapisha hesabu zilizoonyesha ni lini kidhibiti kitatulia na ni lini kitayumba. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, akichunguza jinsi manahodha wanavyoshika usukani, alieleza kanuni ambayo leo tunaiita PID. Ina maswali matatu: sasa hivi nimekosea kiasi gani, makosa yangu yamejilimbikiza kiasi gani, na kosa linaelekea wapi kwa kasi gani? Swali la pili ndilo linalomaliza lile kosa dogo la kwanza. La tatu, likitumiwa vizuri, linatuliza kuyumba.

Sasa chukua kisima cha sola upande wa Isinya. Maji yako chini sana, na jua ndilo linaloyavuta. Wingu likipita, umeme unapungua. Kontrola isiyo na akili ingeizima pampu na kuiwasha kila dakika mpaka mota iungue. Kontrola nzuri inapima umeme wa paneli, inapunguza mwendo wa mota, kisha inaupandisha jua likirudi. Kwa mota za umeme wa AC inafanya hivyo kwa kubadilisha idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, badala ya kung'ang'ania ile 50 ya gridi. Tangi likijaa, kisoma maji kinaiambia isimame. Kisima kikikauka, inazima kabla pampu haijajiunguza. Ndani yake kuna chipu ndogo inayorudia jambo moja mara nyingi kila sekunde: soma, linganisha, rekebisha. Mipira ya Watt imekuwa mistari ya kodi.

Ni kazi hiyohiyo juu zaidi kwenye vilima. Mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, hapa Kajiado, kila mmoja wa megawati 1.7, hugeuza pembe za mapanga yake upepo unapozidi. Hata kabla ya Watt kushika kifaa chake, wenye vinu vya upepo vya Uingereza walikuwa wakisumbuka na swali hilohilo.

Upande usiopendeza

Usimfanye malaika. Biashara ya babake ilitegemea bidhaa za ng'ambo ya Atlantiki zilizozalishwa na watumwa Waafrika, na pesa hizo zilisaidia safari yake. Barua za familia zinaonyesha kwamba mwaka 1762 yeye mwenyewe alishiriki kumsafirisha mvulana mweusi aliyeitwa Frederick, kama mzigo wa kukabidhiwa mteja. Miaka ya 1800 kampuni ya Boulton na Watt iliuza injini kwa mashamba ya miwa ya Karibea, yaliyokuwa yakiendeshwa kwa watumwa. Mashine haiulizi nani anaizungusha wala kwa faida ya nani. Ni wewe unayeijenga unayepaswa kuuliza.

Pia, yule aliyefungiwa mlango na chama cha mafundi naye alikuja kuwafungia wengine. Bunge lilimwongezea muda wa hataza yake hadi mwaka 1800, na kwa miaka hiyo aliwapeleka mahakamani wahandisi waliojaribu kuboresha injini kwa njia zao. Alikuwa pia mwoga wa mvuke wa shinikizo kubwa, na ni baada ya hataza kuisha ndipo wengine, kama Richard Trevithick, walipopata uwanja na kuunda injini ndogo zenye nguvu zilizoweza kutembea kwenye reli.

Alistaafu mwaka huo wa 1800. Mwanawe Gregory, kipenzi chake, alifariki mwaka 1804. Mzee akajifungia kwenye karakana ya darini nyumbani kwake Handsworth, karibu na Birmingham, akiunda mashine ya kunakili sanamu. Alifariki Agosti 25, 1819, akiwa na miaka 83, kazi hiyo ikiwa bado mezani. Karakana hiyo imehifadhiwa na vifaa vyake katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London.

Ubebe nini?

Kama uko Kitengela na kazi ya kiwandani ng'ambo ya Mto Athi haijapatikana, una mahali pa kuanzia. Mota ndogo ya kuchezea, kisoma kasi, chipu ya bei nafuu na simu yenye bando. Kwanza ifanye mota ishike kasi moja. Kisha ishike kwa kidole kuilemea, uone kama inarudi. Isiporudi, usikimbilie kubadilisha namba za kodi kwa kubahatisha. Fanya alivyofanya fundi wa Glasgow na ule mfano uliogoma: pima kwanza, andika, chora grafu, uliza nishati inapotelea wapi.

Halafu nenda kwa mwenye kinu au mwenye kisima aliye karibu nawe, ukae uangalie anavyofanya kazi. Kifaa kilichompa Watt sifa kati ya wahandisi wa leo kilikuwa kinajulikana na wasagaji. Alichoongeza yeye ni kukiona kinaweza kufanya nini kingine. Na cheti nacho kitafute, mtihani wa NITA upo, ili siku tenda ikitangazwa pale Kajiado mjini, usikute mlango umefungwa.